Siku Wageni Walipopanda Mnara wa Moto

Nimestaafu mwezi uliopita. Kabla sijakabidhi funguo, vijana wa ofisini pale shamba la miti waliniomba niandike kidogo kuhusu mnara. Wengi wao waliukuta umeshang'olewa, imebaki misingi minne ya zege na mbuzi wanaolala juu yake. Siku hizi moto unaonekana kwenye simu hata kabla mtu hajaunusa, na wanashangaa kusikia kwamba zamani kazi hiyo ilifanywa na binadamu mwenye macho mawili na chupa ya chai. Naandika basi. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili langu, na anayezitaka akazisome huko, kama panya wamebakiza kitu.

Jina langu ni Zuhura. Nimezaliwa Levolosi, katika nyumba ya baba yangu, fundi mwashi aliyetoka Kondoa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitaluni, kujaza udongo kwenye viriba vya miche ya misonobari. Nilikuwa mwaka wangu wa pili pale, kucha zangu hazijapata kutakata, afisa mmoja aliponikuta nasoma gazeti lililofungiwa maandazi. Nilikuwa nimelishika mbali, mkono umenyooka.

"Unaona herufi hizo kutoka hapo?" akauliza.

"Naona."

"Soma."

Nikasoma tangazo la msiba mpaka mwisho, na majina ya wajukuu. Jumatatu iliyofuata nikaambiwa niripoti mnarani.

Mnara ulikuwa juu ya Sekei, mahali mashamba ya migomba yanapoishia na miti ya serikali inapoanza. Ulikuwa wa chuma, miguu minne, na ngazi inayozunguka ndani yake mpaka kwenye kibanda cha mbao chenye madirisha pande zote na ubao wa kusimama nje, uliozungushiwa kingo. Kila mtu Arusha aliujua. Ukimwelekeza mgeni njia ya Sekei ulimwambia, "Tembea ukiuangalia mnara." Lakini walioupanda walihesabika, kwa sababu chini palikuwa na bango: Hairuhusiwi Kupanda.

Siku ya kwanza nilikwenda na sketi. Mlinzi wa mnara, Mzee Anaeli, Mmeru wa makamo mwenye masikio makubwa na maneno machache, alikuwa chini ananisubiri.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unapanda na hiyo nguo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Akaingia stoo akatoka na suruali ya kazi, pana kiasi cha kunitosha mimi na mtu mwingine. Nikaifunga kwa kamba ya katani. Jioni ile mama alipoiona imeanikwa uani aliuliza suruali hiyo ni ya nani, na ilinichukua muda kumwelewesha.

Tulipanda. Katikati ya ngazi upepo ulinikuta, mnara ukayumba, nami nikakumbatia chuma. Mzee Anaeli alikuwa mbele yangu. Hakugeuka.

"Unatikisika," nikasema.

"Usipotikisika ndipo utavunjika. Panda."

Nilipofika juu nilisahau hofu. Nilikuwa nimeishi Arusha maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuiona. Nilikuwa nimeona vichochoro vyake, kuta zake, matope yake. Sasa niliiona imelala chini yangu nzima, mabati na miti, mto Themi unapita kama uzi wa kijani, na mbele yake uwanda wa Wamasai unakwenda kusini mpaka macho yanachoka. Nyuma yangu Meru ilikuwa karibu hata nikaona nikinyoosha mkono nitaigusa. Nilitafuta nyumba yetu nikaipata. Nilijiona kama mtoto aliyepewa kitu kisicho chake.

"Umemaliza?" Mzee Anaeli akauliza.

"Bado."

Akaniacha. Alimimina chai, akatia sukari vijiko vitano, akanywa yote. Halafu akasema, "Sasa sahau mji. Mji hauna kazi na sisi. Kazi iko huku," akanigeuza kwa bega kuelekea msituni.

Chombo chetu kikuu tulikiita sahani. Lilikuwa bamba la chuma la duara, pembezoni limechorwa digrii, na juu yake mkono wa chuma unaozunguka, wenye tundu la kuchungulia upande mmoja na uzi uliosimama upande wa pili. Ukiona moshi unauzungusha mkono mpaka uzi ukate moshi katikati, unasoma digrii, unaiita ofisi kwenye redio. Lakini sahani moja inakupa mwelekeo tu. Haikuambii moshi uko karibu au mbali. Kwa hiyo palikuwa na mnara wa pili upande wa Ngaramtoni. Nao walisoma digrii zao, na ofisini afisa wa zamu alivuta nyuzi mbili kwenye ramani. Pale zilipokutana ndipo penye moto. Mnara mmoja bila mwenzake ni kama jicho moja linalotaka kutunga uzi kwenye sindano.

Darubini tulikuwa nayo moja, na kioo chake cha kushoto kilikuwa na ufa. Kila mwaka tuliandika barua kuomba nyingine. Kila mwaka tulijibiwa kwamba fedha za kigeni hakuna. Tulizoea kufumba jicho la kushoto.

Kusoma moshi alinifundisha kwa miezi mingi, na nitawaandikia kwa sababu simu zenu hazifundishi hayo. Moshi wa jikoni hupanda wima asubuhi, mwembamba, wa buluu, na hukoma uji ukiiva. Moshi wa tanuri la mkaa ni mweupe mzito na hupenda kulala. Moshi wa mrina asali ni mdogo kuliko yote, hutokea mahali pasipo na nyumba, na huo ndio wa kuogopa, kwa sababu mrina asali hushuka na asali yake akaacha kinga cha moto kwenye majani. Moshi wa moto wenyewe wa msitu hubadili rangi. Ukianza mweupe ukaingia kahawia, usimuulize mtu, shika redio.

Basi ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile, kwa sababu jana yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni na leo yake sabuni zikatuita majina barabarani. Kutoka mnarani niliyaona mabadiliko kabla sijayasikia redioni. Mabati ya kutu yakaanza kupakana na mabati ya buluu na mekundu. Magari ya watalii, ambayo zamani ungeyahesabu kwa vidole, yakawa safu asubuhi nzima barabara ya kwenda mbugani. Nyumba zikaota Kijenge, zikaota Themi, zikashuka kuelekea Terrat ambako zamani niliona vumbi la ng'ombe tu.

Na ofisini kwetu ikaja barua kwamba kila idara ijitegemee, itafute mapato. Mkuu wa shamba wa wakati ule aliizunguka meza yake siku mbili, akatazama nje dirishani, akauona mnara. Wiki hiyo hiyo bango la Hairuhusiwi Kupanda likang'olewa likachorwa jipya: Karibu Mnarani, Uone Arusha Yote. Jumamosi na Jumapili, watu sita kwa zamu.

Mzee Anaeli alichukia. "Hapa ni mahali pa kunyamaza," alisema. "Watu wakija watazungumza."

Walikuja, na walizungumza. Sijawahi kufurahi kazini kama miezi ile. Jumamosi ya kwanza foleni ilifika barabarani. Walikuja maharusi na shela likapeperuka hadi likakwama kwenye waya wa redio. Ikaja kwaya nzima ya usharika mmoja, sita sita, na kila sita waliofika juu waliimba, kwa hiyo tulisikia wimbo mmoja mara saba, ubeti ule ule. Wakaja wazungu waliokuwa wamelala siku tatu Momela wakingoja Kilimanjaro ijitoe mawinguni, ikakataa, na asubuhi ile ikajitoa kwetu upande wa mashariki, nyeupe kabisa, mmoja wao akakaa chini kwenye mbao akatoa machozi. Lakini watu wa mjini hawakuutaka mlima. Walitaka jambo moja: kuona nyumba zao. "Ile pale! Ile yenye mpapai!" Ungedhani nyumba zilikuwa zimepotea.

Katika hao alikuwamo Mama Aika, Mchaga wa Machame, muuza mitumba katika soko la katikati ya mji. Alipanda mara ya kwanza na viatu vya kisigino, akaviacha ngazi ya tatu, akafika juu peku.

"Mdogo wangu," akaniambia akihema, "nionyeshe Themi."

Nikamwonyesha.

"Unaona nyumba isiyo na bati?"

"Naiona. Imefika kwenye lenta."

"Fundi aliniambia ameshapaua," akasema. "Aisee. Huu mnara nitakuja kila wiki."

Akaja kweli. Fundi alishangaa namna mama huyu alivyojua idadi ya mbao zilizopigiliwa bila kufika kiwanjani. Siku moja aliona darubini yetu yenye ufa, akaniuliza kwa nini nakonyeza msitu. Nikamweleza. Jumamosi iliyofuata alikuja na kitu kimefungwa kwenye shati: darubini nzima, nzito, ya ngozi nyeusi, aliyoikuta ndani ya robota la makoti ya baridi. Mzee Anaeli aliigeuza mikononi, akaitazama Meru, akaitazama tena.

"Mwambie asante," akaniambia, ingawa Mama Aika alikuwa amesimama mbele yake.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka muijue. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, majani makavu, upepo unatoka mashariki. Mzee Anaeli alikuwa chini kwa sababu goti lake lilikuwa limevimba. Yeye aliandikisha wageni, mimi nikakaa juu. Asubuhi walikuja wanafunzi wa shule moja ya msingi kutoka Terrat, mashati meupe, na mwalimu wao kijana aliyejaa furaha kuliko wao. Walipanda kwa zamu, wakapiga kelele, wakashuka. Mwalimu akamuuliza Mzee Anaeli njia ya maporomoko ya maji. Mzee akamwonyesha: ufuate barabara ya msitu, uvuke mgongo wa kwanza wa mlima, ushuke bondeni. Mwalimu alikuwa ameandikisha wanafunzi thelathini na tisa, hesabu ambayo Mzee alinipazia kutoka chini. Wakaondoka wakiimba.

Saa nne kasoro nilikiona kiuzi cha moshi kaskazini magharibi, nyuma ya mgongo wa kwanza. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikiona. Kilikuwa chembamba, na Mama Aika alikuwa ananiuliza kama rangi ya bati lake inaonekana vizuri kutoka mbali, nami nilikuwa nacheka. Nikajisemea ni mtu anachemsha chai. Kule nyuma hakuna nyumba. Nilijua hakuna nyumba. Nikamgeukia Mama Aika nikamwambia bati linapendeza.

Nilipogeuka tena moshi ulikuwa umekuwa mnene kama mwili wa mtu, na chini yake ulikuwa wa kahawia.

Nilizungusha mkono wa sahani, nikasoma digrii, nikaita ofisi. Afisa wa zamu akajibu mara moja. Nikaita mnara wa Ngaramtoni, kimya. Nikaita tena, kimya. Baadaye tulijua betri yao ilikuwa imekufa tangu alfajiri.

"Nipe mahali," afisa akasema kwenye redio. "Gari la zimamoto liko tayari. Niambie liende wapi."

"Mwenzangu hajibu. Nina mwelekeo tu."

"Mwelekeo hauzimi moto, Zuhura. Mbele ya mgongo wa pili au nyuma yake?"

Hapo ndipo penye shida, nanyi mlioijua njia ile mtaielewa. Ukitazama kutoka mnarani, migongo miwili ya mlima ilipangana, mmoja nyuma ya mwingine. Kati yao lilikuwa bonde la maporomoko. Nyuma ya mgongo wa pili palikuwa na kambi ya wapasuaji mbao, watu wasiopungua ishirini na wake zao. Barabara iligawanyika mapema: kulia bondeni, kushoto kambini. Gari likienda kusiko, kurudi ni saa nzima. Moshi nilikuwa nauona juu ya mgongo wa kwanza, lakini shina lake lilikuwa limefichwa. Ungeweza kuwa bondeni walipo watoto. Ungeweza kuwa kambini.

Nilishika darubini nikalitafuta shina la moshi, sikulipata. Wageni wengine walikuwa wameanza kushuka ngazi kwa haraka. Mama Aika alibaki. Alikuwa ameegemea kingo, anatazama kama alivyozoea kulitazama paa lake.

"Zuhura," akasema, "mbona ule moshi umepoteza jua?"

"Nini?"

"Wingu limepita. Tazama kivuli chake. Kimefunika mlima wa mbele, na moshi wote umeingia giza mpaka chini. Ule mlima wa nyuma bado unang'aa."

Nikatazama. Wingu lilitoka nyuma yetu likisukumwa na upepo, na kivuli chake kilitambaa juu ya msitu. Mgongo wa kwanza ulikuwa mweusi. Moshi ulikuwa mweusi. Mgongo wa pili ulikuwa kwenye jua kali, kila mti unahesabika. Kama moshi ungekuwa nyuma ya ule wa pili, na wenyewe ungekuwa bado unang'aa. Nilingoja. Nilihesabu pumzi zangu. Zilifika kumi na moja ndipo kivuli kilipopanda mgongo wa pili.

"Ofisi," nikasema, "moto uko bondeni. Njia ya kulia. Narudia, njia ya kulia. Na bondeni kuna watoto wa shule."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Nikaweka redio chini.

Niliinama kwenye kingo nikamwita Mzee Anaeli. Nilimwambia. Alitazama barabara, akatazama goti lake. Mama Aika alikuwa ameshafika nusu ya ngazi, peku, viatu mkononi. Alikuwa na pikapu aliyoiagiza Dubai mwaka ule, bado ina nailoni kwenye viti.

"Baba, panda," nilimsikia akimwambia. "Wewe nionyeshe njia tu."

Nilitaka kwenda nao. Hilo pia naliandika. Lakini sheria ya mnara ni moja: moto ukiwaka, mlinzi hashuki. Redio ilikuwa inaniita, upepo ulikuwa unageuka, na gari la zimamoto lilinihitaji niwaambie moto unakimbilia wapi. Nikabaki peke yangu juu, nawaambia wanaume waliokuwa chini yangu mbali, "Umeshika mikaratusi. Unapanda upande wa magharibi. Kateni njia ya kuzuia moto juu ya kijito." Sauti yangu ilikuwa shwari. Sijui niliitoa wapi.

Mzee Anaeli alinisimulia baadaye yaliyotokea. Pikapu ilifika mwisho wa barabara, yeye akashuka na panga, akawakuta watoto kwenye maporomoko, wamesikia harufu, wamekusanyika kumzunguka mwalimu wao aliyekuwa anataka kuwarudisha kwa njia waliyojia. Njia ile ilikuwa imeshaingia moshi. Mzee akawavusha mto wakishikana mikono, akawapandisha ng'ambo kupitia kichaka cha miiba, yeye mbele anafyeka, kuelekea kitalu cha miti kilichovunwa mwaka uliotangulia, ambako palibaki visiki tu na hakuna cha kuungua. Alipanda mteremko ule kwa goti moja. Hakuwahi kusema liliuma.

Mimi nilijua tu kile nilichokiona kwenye darubini ya mitumba. Nilielekeza macho kwenye kile kitalu cha visiki kwa sababu ningekuwa mimi ndiko ningewapeleka. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Moshi uliufunika mgongo wote. Halafu shati moja jeupe likatokea kwenye ukingo wa miti. La pili. Halafu mengi kwa pamoja, kama vifaranga wanaotoka bandani, na mtu mrefu aliyechechemea pembeni yao.

Nikaanza kuhesabu watoto peke yao, bila mwalimu wala Mzee. Walisimama kwenye visiki, hawakusogea, nadhani Mzee aliwaamuru. Nikahesabu mara tatu. Kila mara nilipata arobaini na moja.

Niliogopa kuliko wakati wote. Thelathini na tisa ndiyo iliyoandikwa. Nilidhani macho yangu yamechanganyikiwa, kwamba nahesabu watu wawili ambao hawapo. Ukweli ulijulikana jioni. Ndugu wawili, kaka na dada, hawakuwa kwenye orodha ya safari. Waliwafuata wenzao kwa siri tangu Terrat, wakatembea nyuma ya mstari mpaka mnarani na mpaka bondeni. Kama wawili hao wangebaki kule nyuma, mwalimu angehesabu watoto wake akawapata wote, akamshukuru Mungu, akaenda nyumbani. Basi, vijana mlioshangaa kwa nini mama huyu anahesabu vichwa vya wageni langoni hata kama orodha iko mkononi, jibu ndilo hilo.

Mama Aika aliwarudisha kwenye pikapu kwa awamu, mashati yamekuwa ya rangi ya majivu, nailoni ya viti ikachanika yote. Alipanda mnarani mara ya pili siku ile kuniambia tu kwamba wamefika. Tukakaa chini kwenye mbao, migongo ukutani, tukashikana mikono kama watoto. Tulianza kucheka, sijui tulicheka nini, na hatukuweza kuacha.

Moto ulizimwa kesho yake. Vilipotea vitalu viwili vya misonobari. Chanzo kilipatikana: mzinga uliopasuliwa na kinga cha moto chini yake.

Jumatatu nilimwonyesha Mzee Anaeli daftari la moshi. Nilikuwa nimeandika: Saa nne kasoro, moshi mwembamba umeonekana, haukuripotiwa. Mlinzi alikuwa anazungumza na mgeni.

Alisoma polepole. "Hakuna aliyekuona," akasema.

"Mimi nilijiona."

Akafunga daftari. "Mwaka nilioanza kazi nililala," akasema. "Nikaunguza kilima. Niliandika kwamba kulikuwa na ukungu." Akamimina chai, na kwa mara ya kwanza akaijaza ya kwangu kabla ya yake. "Wewe umeanza vizuri kuliko mimi."

Mkuu wa shamba aliitisha kikao. Wengi walisema mnara ufungwe, wageni wanampotezea mlinzi macho, na ushahidi ulikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Nilikaa nimeinamisha kichwa, nangoja kurudishwa kwenye viriba. Ndipo Mzee Anaeli akasimama, na watu wakageuka, kwa sababu kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumsikia kikaoni.

"Mimi ndiye niliyewakataa wageni," akasema. "Mnajua. Sasa nasema hivi. Aliyezungumza na Zuhura ni mgeni, kweli. Aliyekiona kile kivuli pia ni mgeni. Darubini iliyohesabu watoto aliileta mgeni. Gari ni la mgeni. Msiufunge. Wekeni watu wawili juu, mmoja awape mgongo wageni, asiongee hata akiamkiwa. Huyo nitakuwa mimi."

Ikawa hivyo. Mnara haukufungwa, na foleni ikawa ndefu zaidi, maana mji mzima ulitaka kusikia habari ya kivuli. Mama Aika aliisimulia sokoni mpaka ikawa yeye ndiye aliyeuona moto kwanza, na sikumsahihisha, kwa kuwa alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Mzee Anaeli alistaafu miaka michache baadaye. Jumamosi baada ya kukabidhi, nilikuwa juu na kijana mpya, nikatazama chini kwenye foleni nikamwona. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Amesimama wa nne, anangoja kama watu wengine, na pembeni yake mkewe, Mama Ndeshi, mwanamke mfupi ambaye miaka yote ile hakuwahi kupanda. Niliwaashiria wapite mbele. Mzee akatikisa kichwa.

Walipanda polepole, wakipumzika. Walipofika hakunisalimia kwa maneno, aliniinamishia kichwa tu, akamwongoza mkewe mpaka dirisha la mashariki, akamwekea mkono begani akamgeuza, vile vile alivyonigeuza mimi siku ya kwanza.

"Pale," akasema.

Mama Ndeshi alitafuta kwa macho. Migomba, paa, uwanja mdogo uliofagiwa, kamba ya nguo. Nilimwona anapoitambua. Mkono ulikwenda mdomoni.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Nikianika nguo? Nikigombana na kuku?"

"Asubuhi nikifika hapa, kabla sijatazama msitu, natazama moshi wa jikoni kwako. Ukishapanda ndiyo naanza kazi."

Upepo ulikuja, mnara ukayumba, Mama Ndeshi akamshika mumewe mkono wa koti.

"Na kuanzia Jumatatu," akauliza, "huo moshi utautazamia wapi?"

Mzee Anaeli alifikiri kama alivyofikiri kila alipoulizwa digrii.

"Jikoni," akasema.